Koti la Sanamu

Habari iliyotufikia asubuhi hiyo kwenye benchi la kahawa la shangazi yangu haikuhusu bajeti wala uchaguzi. Ilikuwa video ya sekunde arobaini, na aliyeileta, kama ilivyo ada, ni kinyozi tunayemwita Redio, mtu ambaye hujua mambo kabla hayajatokea.

"Sogeeni, sogeeni! Jumba jipya la maduka lina siku tatu tu, tayari limeshapata kichaa wake. Someni wenyewe: 'Mzee Amvua Sanamu Koti Mchana Kweupe'!"

Kilo Kasoro, muuza nyama aliyepewa jina hilo na wateja wake kwa sababu ambazo mizani yake inazifahamu vizuri, alimpokonya simu.

"Mbona naona mgongo na kofia tu? Loo, mtazame alivyomkumbatia kiunoni! Utadhani wako harusini!"

"Ana mke huyo?" shangazi akauliza huku akimimina kahawa.

"Kama anaye, jana kalala sebuleni," Kilo akajibu.

"Watu hawajui kutalii," Redio akalalamika. "Mimi nilikwenda juzi, nikatalii kistaarabu. Manukato ya kujaribu nikapaka mkono huu, mengine mkono huu. Nikapiga picha na kile kigari cha kusukuma. Mlinzi akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta ubaridi."

"Ukanunua nini?"

"Mtalii hanunui, Kilo, mtalii anashangaa. Ulishaona mtu kaenda kutazama twiga akarudi naye nyumbani?"

Benchi zima liliangua kicheko, isipokuwa Fundi Pindo, ambaye cherehani yake iko hatua mbili kutoka tulipokaa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa uangalifu wa kutia huruma, kwa maana saa nne mwalimu mkuu wa shule ya jirani angepita kumwambia kama amempa kazi ya kushona sare mia mbili. Kwa miezi mitatu fundi huyu alikuwa ameshona viraka tu. Bila sare hizo, mwisho wa mwezi angekabidhi kibanda.

"Hakumvua," akasema ghafla. "Alimtoa bega moja tu."

"Wewe umejuaje, na simu ninayo mimi?" Kilo akamgeukia.

"Nakisia."

"Na kwa nini amtoe bega?"

"Kwa sababu mkono mmoja wa koti ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa vidole viwili! Viwili! Mtu mzima mwenye macho anapitaje hapo? Na bitana imetoa ulimi nje kama mbwa juani..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa. Redio aliweka kikombe chini taratibu.

"Fundi, hapa kwenye video bitana haionekani."

Pindo aliinamisha kichwa. "Jamani, nilikwenda kutalii kama ninyi. Dirisha la kwanza la duka la nguo nikajizuia. La pili nikafumba macho. La tatu mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na sindano."

"Nani anakwenda kutalii na sindano?" Redio akadakia.

"Wewe si walikunyang'anya mkasi mlangoni?"

"Mkasi niliusahau mfukoni!"

Nilijaribu kusema kwamba mtu hastahili kuaibishwa kwa kuipenda kazi yake mno.

"Mwanafunzi, hayo peleka chuoni," Kilo akanikata kauli. "Hapa tunaokoa mkate wa mtu. Fundi, mwalimu akiuliza, jana ulikuwa mazikoni."

"Mazishi ya nani?"

"Ya sanamu!"

Kabla hatujamaliza kucheka, mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbele yetu, koti lake la kazini mwilini, na video ile ile ikicheza mkononi mwake.

"Hamjambo? Nasikia bwana huyu anatoka mtaa huu."

"Huu wetu? Hata!" Redio akaruka. "Mhuni huyo ni wa mtaa wa pili, mwalimu."

"Tungemjua, tungeshamfukuza," Kilo akaongeza.

"Basi hasara ni yangu," mwalimu akasema. "Nilikuwa dukani pale pale, nikamwona kwa nyuma tu. Walipomtoa nje, nikalipima lile koti. Mikono sawasawa, mshono hauonekani. Nilitaka sare zangu azishone yeye."

Redio na Kilo wakatazamana. Kisha Redio akakohoa.

"Mwalimu, niliogopa kujisifu. Ni mimi."

"Si wewe kinyozi?"

"Nywele na uzi ni ndugu, mwalimu."

"Mwongo huyo!" Kilo akasimama. "Mgongo ule ni wangu, muulizeni mke wangu!"

"Na mimi ndiye niliyemshikia uzi," shangazi akasema bila hata kupepesa jicho.

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. "Niliyemwona mimi alishona kwa mkono wa kushoto."

Vikombe vyote vikahamia mkono wa kushoto kwa pamoja, na cha Kilo kikamwagikia mapajani. Pindo pekee hakuhamisha kitu. Hata sidhani kama alikuwa akisikiliza. Alikuwa amekodolea macho mkono wa koti la mwalimu, na sindano ilikwisha kuwa kwenye vidole vyake, mkono wa kushoto.

"Samahani, mwalimu. Hapo kwenye kiwiko mshono umefumuka. Nisipoushona sasa hivi, sitasikia neno lolote utakalosema."

Mwalimu aliketi kwenye benchi, akamnyooshea mkono.

"Sare ni zako, fundi. Lakini mimi si sanamu. Shona nikiwa nimelivaa."