Jaketi la Misimu Minne

Jua la siku hiyo lilikuwa la kukaanga watu, na mtu pekee mtaani aliyevaa jaketi alikuwa Zipu. Hakuwa na homa. Alikuwa na majaketi thelathini na moja sebuleni kwa shangazi yake, yote ya kijani kwa nje na rangi ya chungwa kwa ndani, yote ya kuishia kiunoni, yenye zipu kifuani na kijifuko cha kalamu kwenye mkono wa kushoto. Wenyewe wanayaita majaketi ya bomba. Aliyanunua kwa robota, na robota la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa: kamba hazikatwi mpaka muuzaji ameshatia pesa mfukoni na ikiwezekana ameshahama. Zipu alikuwa ameambiwa ni mashati ya mikono mifupi.

"Wewe mtoto," shangazi alimwambia asubuhi ile, "Jumapili wazazi wa mchumba wa dada yako wanakuja. Watakaa wapi? Juu ya majaketi?"

"Shangazi, hayo ni mtaji."

"Mtaji wa wenzio hukaa dukani. Wa kwako umejilaza kwenye kochi langu wiki ya tatu sasa. Jumamosi saa kumi nataka kuiona sebule yangu. La sivyo, wewe na mtaji wako mtatoka pamoja."

Shangazi hakuwa mtu wa vitisho. Alimlea Zipu tangu yuko darasa la pili, na katika miaka yote hiyo alichosema atafanya alikifanya, pamoja na ile mara aliyosema atamnyoa akiwa usingizini. Zipu alikuwa na nyumba moja tu duniani, na ilikuwa hiyo. Basi akavaa bidhaa yake, akatoka kutafuta watu wanaosikia baridi katikati ya kiangazi.

Aliwapata kwa bahati. Kiu ilimwingiza kwenye jengo la ofisi ya bima, na mpokezi, dada mmoja mpole mwenye miwani, akamwonyesha mtungi wa maji bila kuuliza anatafuta nini. Zipu alikuwa kwenye glasi ya pili alipomwona karani akishuka ngazi na taulo shingoni, pua inamchuruzika. Nyuma yake akafuata mama mmoja aliyevaa blauzi mbili.

"Dada, huko juu kuna nini?"

"Kiyoyozi," mpokezi alisema, akiendelea kuandika. "Meneja anasikia joto. Rimoti anaifungia kwenye droo."

Zipu akainua macho kuwashukuru waliobuni kiyoyozi, na macho yalipokuwa yanashuka yakakutana na ubao wa matangazo. Ijumaa, wafanyakazi wote watapigwa picha ya kalenda ya kampuni. Wavae vizuri. Aliyesoma tangazo lile kawaida aliona tangazo. Zipu aliona watu thelathini wanaotetemeka, kila mmoja akiomba Mungu apendeze kuliko mwenzake.

Tusimwonee. Zipu alikuwa mwongo wa bei, wa asili ya bidhaa na wa idadi ya bidhaa, lakini kwenye mavazi alikuwa na jicho. Angekuwa na kioo na kiti cha kukalisha wateja, mji mzima ungempangia foleni. Hakuwa navyo, akatumia ngazi za dharura.

Mteja wa kwanza alikuwa mhasibu, mtu wa kuchana nywele kila baada ya kupokea simu.

"Bosi wangu, watu wananunua jaketi kama wanavyonunua mwamvuli, la kukinga. Hili si la kukinga. Hili ni la misimu minne. Masika unafunga zipu mpaka kidevuni, suruali ndani ya buti, na huweki rangi nyingine ya kupiga kelele. Kipupwe unalivalia juu ya sweta la shingo ndefu, mikono unaiacha ifunike nusu ya vidole. Vuli zipu nusu, shati linachungulia chini, upana wa vidole viwili, siyo vitatu."

"Na kiangazi ninalivua," alisema mhasibu.

"Hapo ndipo wanaojua wanapoachana na wasiojua." Zipu alishusha sauti. "Kiangazi unaliweka bega moja. La kushoto. Mkono mmoja ndani, mwingine unaning'inia, kama mtu aliyeitwa ghafla kwenye jambo zito na akaja hivyo hivyo."

Mhasibu alijitazama kwenye kioo cha simu. Akaweka bega moja. Akakunja uso kidogo, uso wa mambo mazito.

"Yako mengine?"

"Mjini hapa? Hili tu. Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja: usilivae mpaka Ijumaa. Ukilivaa leo, kesho lina mapacha."

Mwanasheria wa kampuni alikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kutoamini watu.

"Dada, wewe ni mtu wa masika," Zipu alimwambia kabla hajafungua mdomo.

"Umejuaje?"

"Mabega. Mabega ya masika hayajifichi."

Mwanasheria, aliyewahi kumbana shahidi mahakamani mpaka akazimia, aligeuka kuyaangalia mabega yake mwenyewe. Alipogeuka tena, mkono ulikuwa tayari kwenye pochi.

Ikawa hivyo siku ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila mmoja aliitwa kwenye ngazi peke yake, akapewa msimu wake, akaambiwa liko moja tu mjini, akaapishwa asilivae mpaka Ijumaa. Mtunza mafaili akapewa kipupwe. Mama wa blauzi mbili akapewa vuli na karibu alie kwa furaha. Kila mmoja alishuka na mfuko mweusi wa plastiki, akasimama kwenye meza ya mpokezi na kusema kwa kunong'ona, "Dada, nihifadhie hapa chini mpaka jioni, usimwonyeshe mtu." Mpokezi alihifadhi. Alikuwa mtu wa kuhifadhi.

Hata mpokezi, Zipu alimjaribu.

"Mimi nakaa mlangoni, kaka, baridi hainifikii," alisema. "Lakini napenda kukusikia ukieleza. Hiyo ya vuli, ni vidole viwili au vitatu?"

"Viwili."

"Ahaa." Akaandika. "Niachie na namba yako, huenda nikabadili mawazo."

Alhamisi mchana Zipu alivua jaketi la mwisho, lile la mwilini mwake, akamuuzia tarishi. Akatoka jengoni akiwa na fulana tu, mwepesi, mifuko imevimba, akiwa ameamua kutokanyaga mtaa ule mwaka mzima. Alipofika nyumbani shangazi alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu pale robota lilipokuwa. Alimpakulia chakula mwenyewe, akamwekea na kipande cha nyama kilichokuwa cha kesho.

"Leo umekuwa mtu," alisema.

Zipu alijifanya hajasikia, ili aseme tena. Alisema tena. Kijana alifurahi kiasi kwamba usiku ule hakumdanganya mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi simu ikaita.

"Kaka wa misimu," ilikuwa sauti ya mpokezi. "Umetupotea! Picha ya jana imependeza mno."

Zipu alishika ukuta. "Mno vipi?"

"Wote kijani! Meneja akadhani tumejishonea sare. Amefurahi mpaka amezima kiyoyozi mwenyewe. Sasa anataka na tawi la kule milimani lipate, kule baridi si ya mashine. Gari linaondoka leo saa saba. Thelathini hivi. Hata thelathini na moja si mbaya. Na malipo ni mara mbili ya bei uliyotuuzia sisi, ila ukichelewa basi."

"Nitachelewaje, dada yangu?"

"Unayo?"

"Stoo nzima!"

"Afadhali. Maana nilitaka kukwambia kuna mama nyuma ya stendi, nimeona robota lake limetoboka pembeni, ndani kijani. Lakini kama unayo, achana naye."

Zipu hakuachana naye. Alikuwa nyuma ya stendi kabla simu haijapoa. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya robota, anapepea uso kwa gazeti, na kweli pembeni palikuwa na tundu la kupitisha kidole, na ndani ya tundu kijani.

"Nifungulie niangalie, mama."

"Robota halifunguliwi, mwanangu. Biashara hii huijui?"

"Naijua kuliko wewe."

"Basi mbona unaniuliza maswali ya mgeni?"

Maneno hayo yalimpata pabaya. Mtu aliyewauzia watu thelathini na moja ngazini hawezi kuitwa mgeni na mama wa kigoda. Alibishana bei kwa nusu saa, akaondoka mara tatu, akaitwa mara mbili, na ile ya tatu akajirudia mwenyewe. Mwisho akatoa kila alichopata wiki ile na kilichokuwepo kabla ya wiki ile. Akaona ameshinda, kwa sababu mama alisonya.

Alikodi mkokoteni, na msukuma mkokoteni, jibaba lenye shingo pana, akalisukuma robota mpaka kwenye ofisi ya bima. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini, anakata kucha.

"Naleta mzigo wa meneja," Zipu alisema. "Wa tawi la milimani."

"Hatuna tawi la milimani," alisema mlinzi. "Na Jumamosi hawafanyi kazi." Kisha akamkazia macho. "Ngoja. Si wewe wa majaketi?"

Zipu alisema hapana. Mlinzi akaweka chini mkasi na kuanza kucheka kabla hajaanza kusimulia, akawa anakatiza simulizi kujifuta machozi. Jana wametoka mmoja mmoja kwa madaha, mhasibu bega moja, mwanasheria zipu kidevuni, tarishi sijui kafanya nini na kola, na kila aliyefika uwanjani akawakuta wenzake wamevaa lile lile. Mpiga picha akauliza kama ni kwaya. Mwanasheria alitaka kwenda polisi. Ila mpokezi akawaambia nipeni nyote hayo majaketi, hela zenu zitarudi na za chai juu.

"Akayakusanya," mlinzi alisema, "akampelekea mama yake. Mama yake ana biashara ya mitumba, nyuma ya stendi kule."

Zipu alichukua mkasi wa kucha wa mlinzi akakata kamba pale pale juu ya mkokoteni. Jaketi la kwanza lilinukia marashi ya mwanasheria. La pili lilikuwa na kitana mfukoni. Kwenye kila kijifuko cha mkono wa kushoto palikuwa na kalamu yenye jina la kampuni. Masikio yalimwaka kwa aibu. Na chini ya aibu, kitu kilichomuudhi zaidi, alimheshimu yule dada. Kazi yake ilikuwa safi. Alikuwa hata hajapandisha sauti.

Kisha akakumbuka ni saa ngapi.

Saa kumi kasorobo mkokoteni ulisimama mbele ya mlango wa shangazi. Sebule ilikuwa inang'aa. Kochi limevalishwa vitambaa vyeupe, viti vya jirani vimepangwa. Shangazi alitoka akiwa na pazia begani, akaliangalia robota, akamwangalia Zipu.

"Yalitoka Alhamisi," alisema.

"Yalitoka."

"Yamerudije?"

"Nimeyanunua."

"Majaketi yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe."

"Kwa hela yote?"

Zipu akaangalia viatu vyake. Shangazi hakucheka, na hilo lilimuuma kuliko kama angecheka.

"Nilisema mtatoka pamoja," alisema taratibu. "Sasa mmekuja pamoja, na mimi nina nafasi ya mmoja."

Hotuba ilikuwa tayari mdomoni mwa Zipu. Wiki mbili tu, shangazi, masika yanakuja, majaketi yatapanda bei, yatakaa uani, yatafunikwa turubai. Ilikuwa hotuba nzuri, na shangazi alikuwa akiisubiri, anaijua mpaka mwisho wake. Zipu akamwangalia usoni akaona jinsi alivyochoka. Hajaketi tangu alfajiri, na kuna kitu alikuwa anaogopa, na hakuwa akiwaogopa wakwe: aliogopa asije akalazimika kutimiza alichosema.

"Mimi," Zipu alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niingie."

Shangazi akasogea kidogo kumpisha.

"Na haya?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Yako, kaka."

Jibaba lilimwangalia kwa wasiwasi mkubwa. "Bei?"

"Hakuna."

"Masharti?"

"Hakuna. Chukua kabla sijapata akili nyingine."

Msukuma mkokoteni alichomoa moja, akaligeuza, akalinusa, akalivaa mikono yote miwili, akavuta zipu mpaka kidevuni na kusimama hivyo juani, jasho likianza kumtiririka kuelekea kwenye kola. Zipu alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Akageuka kumwangalia. Akajaribu kutia mguu wa pili, ukakataa.

Akarudi. Akafungua zipu, akalivua mkono mmoja, akaliweka bega la kushoto, akauacha mkono wa pili uning'inie, akarudi nyuma hatua mbili, akasogea tena kuishusha kola kidogo tu. Msukuma mkokoteni akajitazama kwenye kioo cha dirisha la sebule. Shingo ikanyooka. Uso ukawa wa mtu aliyeitwa kwenye jambo.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," Zipu akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza nguo hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyedanganywa. Akasimama pale akiitazama kazi yake.

"Zipu!" shangazi aliita kutoka ndani. "Njoo unishikie hili pazia, wageni ni kesho, siyo mwakani!"