Vidonge Vinne, Miaka Minne

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Hakuna kazi. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Mjuzi, kasoma gazetini kwamba waliomeza vile vidonge vya kiungulia wanamshtaki mtengenezaji. Huenda vinaleta kansa. Mahakama bado haijaamua. Mjuzi kavimeza miaka sita. Akakunja gazeti, akageukia ukutani. Mimi nimemeza vinne tu. Lakini tayari naiona nyumba yangu kule kwetu imeezekwa bati kwa pesa za fidia.

Jumanne, 4 Machi
Kwa wakili. Karani akauliza nimevitumia kwa muda gani. Ulimi hauna mfupa: vidonge vinne vikawa miaka minne. Akaniandika "mlalamikaji". Nikamwambia, dada, mimi silalamiki, muulize nyapara wangu. Akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Kumbe mahakamani mwenye kudai huitwa hivyo. Anataka maganda ya vidonge na cheti cha daktari.

Jumatano, 5 Machi
Nina ganda moja. Nikamwomba Mjuzi yake. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwake kuna nguo chafu. Nimefua zote, hata soksi. Akanipa maganda mawili. Moja la dawa ya minyoo.

Alhamisi, 6 Machi
Nikamburuta Mjuzi tupimwe wote. Peke yangu naogopa sindano. Wote wazima. Daktari kasema tumbo langu laweza kusaga kokoto. Nikamsihi atazame tena, kwa makini. Mjuzi alitoka akifuta machozi. Tangu Jumatatu hakuwa amelala. Nami nikafurahi, ingawa cheti kimeniulia kesi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Nyapara kasikia habari za kesi, kaamini nina kansa. Kanivua kofia ya kazi mbele ya wenzangu: mgonjwa hapandi jukwaa la ujenzi, nirudi kwetu. Mikono mitupu, watoto wanne! Nikachomoa cheti. Akasoma taratibu, akanirudishia kofia.
"Mzima kabisa? Basi beba saruji, ghorofa ya tano."
Nilibeba nikiimba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia mke wangu simu, nikakiri yote. Akacheka muda mrefu.
"Baba watoto, tuletee hilo tumbo zima. Bati litapatikana."
Nimeapa. Kesi basi.

Jumapili, 9 Machi
Mjuzi kasoma kwamba watu wanashtaki kiwanda cha mafuta ya nywele. Sijapata kuyapaka. Lakini upara ninao, tena unang'aa. Kesho naomba ruhusa kwa nyapara.