Keki ya Panga la Tatu

Jumatatu, 6 Novemba
Ketty wa duka la mikate hakuniuliza nataka nini. Aliniona mlangoni tu, akaanza kufunga keki ya chokoleti, akauliza safari hii nimeharibu nini. Aibu! Sheria ya karakana yetu ndiyo hiyo: anayekosea analeta keki. Hakuna anayekugombeza. Wanakula huku wanakutazama. Heri ningetukanwa.

Kosa lenyewe dogo. Niliipasha gundi moto kupita kiasi ili ikimbie ndani ya faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo. Ikaganda njiani. Nusu ya panga la mtambo wa upepo ikabaki nyuzi nyeupe, kavu. Panga la Dagny, wa zamu nyingine, limetoka safi kabisa. Alichukua kipande kikubwa cha keki yangu, akasema Verner bwana, unatunenepesha.

Jumanne, 7 Novemba
Asger, bosi wetu, ametukusanya. Mteja ameshaona panga langu na la Dagny, na sasa anataka la tatu. Likikataliwa, karakana inafungwa kabla ya Krismasi na sote tunakwenda nyumbani. Likipita, aliyelimwagia gundi atakuwa msimamizi.

Kila mtu akamgeukia Dagny. Nikawahi kujitolea kabla hajafungua mdomo! Asger akakuna kichwa, akakubali kwa sharti moja: Dagny athibitishe kipimo cha hewa kabla gundi haijaingia. Dagny akanivuta pembeni. Akasema nisifanye mchezo, mume wake amepooza na mji huu hauna kazi nyingine. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumatano, 8 Novemba
Nimejificha nyuma ya mapipa ya gundi kumchungulia Dagny akiandaa kipande cha majaribio. Nilitaka siri yake. Hana siri! Anafunika faiba kwa plastiki, anabana kingo, pampu inanyonya hewa yote, kisha anafunga koki ya pampu. Halafu anakaa. Anamumunya pipi nyeusi ya chumvi, macho kwenye geji ya hewa, aone kama sindano itasogea. Anakaa tu! Baadaye akaitoa hewa kwenye gundi yenyewe, ikachemka mapovu, naye akakaa tena. Pipi nyingine.

Nimemwelewa. Anaringa ili Asger aone ametulia. Nimenunua pipi zilezile. Zina ladha ya tairi.

Ijumaa, 10 Novemba
Siku yangu. Pipi mdomoni, nikafunga koki. Sindano ya geji ikaanza kushuka. Balaa! Kuna tundu mahali, hewa inaingia. Kulitafuta ni kutambaa ukingo wote wa panga, sikio kwenye plastiki, na Asger amesimama pale anatazama saa.

Nikafungua koki, pampu ikavuta tena kuliko tundu linavyoingiza. Sindano ikatulia tuli. Imetulia ni imetulia! Nikamwita Dagny. Alikuja simu iko sikioni, hospitali, habari za mume wake. Akaniuliza kwa kunong'ona: koki umeifunga? Nikasema nimeifunga. Si uongo, nilikuwa nimeifunga. Akamwitikia Asger kwa kichwa kwamba sawa, akarudi kwenye simu yake.

Gundi ikaingia vizuri ajabu. Sikuitoa hewa kwanza. Muda haukuwepo.

Jumatatu, 13 Novemba
Tumebandua plastiki. Viputo toka shina mpaka ncha. Mkaguzi wa mteja aligonga kwa sarafu, kop, kop, kop, akairudisha mfukoni kabla hajafika katikati. Asger akakalia ndoo. Mzee Holger, aliyeanza kazi hapa akiwa kijana, akaenda kuvua ovaroli.

Dagny akauliza tena kama koki ilikuwa imefungwa. Nikamwambia nilishamjibu Ijumaa. Hakuuliza tena. Nilijisikia vibaya hadi chakula cha mchana.

Ijumaa, 17 Novemba
Siku ya mwisho. Watu wote walinitazama mikono. Sikuleta keki! Kosa halikuwa langu, faiba ilipata unyevu. Isitoshe nimepata kazi kwa watengeneza boti, nimewaahidi kuwaonyesha jinsi gundi ya moto inavyokimbia.

Keki ameleta Dagny. Ameioka mwenyewe. Akaiweka mezani, akasema jamani, kosa ni langu, nilimwamini Verner. Akanikatia kipande cha kwanza. Wengine hawakugusa. Holger alikuwa akilia, sahani tupu mkononi.

Nilikula viwili. Katikati ilikuwa mbichi, imejaa matundu. Nikamwambia kwa upole kabisa: Dagny, umeitoa mapema, kazi hii inataka subira. Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama geji, kisha akachukua koti lake akaondoka. Watu wengine hawapendi kusahihishwa.