Lami ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Wiki haijaanza nami nimeshachoka. Mama mkwe wangu, Bi Miza, anahamia kwetu Jumapili. Tangu avunjike nyonga anatumia kiti cha magurudumu, na kutoka getini mpaka mlangoni petu ni mchanga mtupu. Safari iliyopita kiti kilizama, akabebwa juu juu kama kabati, mtaa mzima ukitazama. Akaapa habebwi tena. Mke wangu Taghreed amesema mama yake asipoingia kwa heshima, atahamia yeye Dar kumtunza. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nitaweka lami! Jirani yangu Haidar ana vitofali vya pevingi tu, na kiburi chake chote kile.

Jumanne, 5 Agosti
Nimempigia Sharifu, fundi wa lami wa Vigwaza. Akataka kuja kupima, kwa nauli yangu. Nikamwambia nimeuza vitambaa miaka yote hii, kupima anifundishe nani? Nikatoka na mita ya chuma ya dukani. Urefu mita thelathini, upana tatu. Mgongo wangu!

Akauliza nataka unene gani. Nikamuuliza upo upi. Akasema ule mzito tani moja inafunika mita za mraba nane. Ule mwepesi, ishirini. Nikachagua mwepesi. Kwa joto hili la Bagamoyo nani anataka kitu kizito? Sharifu akacheka sana. Nami nikacheka, sijui tulikuwa tunacheka nini. Hesabu imetoka tani nne na nusu. Nusu nimeikata, fundi hakosi ziada. Kokoto za kutandika chini nazo nimeagiza kwa mtindo huohuo.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Sharifu amekuja na kokoto, kumbe alidhani natania. Anasema lami nyepesi ni ya kupaka juu ya lami kuukuu. Juu ya mchanga wetu itamomonyoka kabla ya Ijumaa ijayo, na yeye hawezi kuharibu jina lake. Ile nzito, kwa tani nne nilizolipia, haitafika hata nusu ya njia, na mfuko wangu ndio umekauka.

Akashauri tupunguze upana uwe mita moja. Kiti kitapita, na lami itafika mlangoni. Mita moja! Haidar angesema nimewajengea kuku barabara. Nikakataa. Nikamhakikishia kwamba lami ikiwa ya moto itavutika. Akanitazama kwa huruma, akaendelea na kazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Haikuvutika. Imeishia kwenye mlimau wetu, mlango bado uko mbali. Lakini ni nyeusi, pana, inang'aa! Haidar amekuja, akanisalimia mpaka akaulizia wajomba, kisha akauliza kama huo mlimau nao umenunua gari.

Taghreed alikuwa anakunja nguo zake. Sikuuliza anazikunjia nini. Sina nguvu ya kusikia jibu.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Miza amefika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiutazama mchanga. Kiti kimeteleza vizuri ajabu mpaka kwenye mlimau, kikasimama. Nikawaita vijana wanne wa bodaboda wambebe. Akasema atakayemgusa atamwapiza. Vijana wakaondoka haraka kuliko walivyokuja.

Basi tumekula palepale, juu ya mkeka, mbele ya wapita njia. Baadaye Taghreed akatoa godoro, chandarua na mito miwili. Mmoja wa mama, mmoja wake. Nikamwomba radhi, naona haya hata kumtazama. Akaniuliza kama ni kweli ile njia ya mita moja ingefika mlangoni. Nikasema ndiyo, ila ingekuwa nyembamba.

Akaenda kulala kwa mama yake.

Jumatatu, 11 Agosti
Kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Sikupata usingizi. Asubuhi Taghreed amesema gari la kurudi Dar litakuja Ijumaa, na tiketi zimekatwa mbili.

Lakini nimepata wazo! Kama mama hawezi kuifikia nyumba, nyumba imfuate. Namjengea chumba palepale kwenye mlimau, kabla ya Ijumaa. Bwanausi mwashi anataka kuja kupima. Nimemwambia asijisumbue, nimeshapima. Dukani nimebakiza majora machache. Nitayauza kwa bei ya kutupa. Kwanza tujenge baraza pana la mbele, lenye nguzo nne, lionekane mpaka barabarani. Pesa ikibaki, tutaweka mlango.