Gigahezi za Nkwabi

Okomo, ambaye kijiwe chote cha kahawa pale Mabatini kinamwita Redio, aliinua simu juu kama mtu aliyepata hati ya kiwanja.

"Sikieni! Kampuni moja imetoa prosesa ya kompyuta yenye kasi ya gigahezi sita. Wapinzani wao wanasema kasi si hoja, hoja ni ilivyoundwa."

"Hayo ni maneno ya walioshindwa mbio," akadakia Nkwabi. Huyu ndiye Gigahezi, na jina alijitafutia mwenyewe: tangu anunue laptop ya mtumba kwa ajili ya steshenari yake, kila mtu keshasomewa kibandiko chake cha kasi. "Yangu ina tatu nukta nane. Ya Teodora moja nukta sita. Hiyo si kompyuta, ni kikokotoo!"

Teodora, mwenye steshenari ya jirani, akapuliza kikombe chake. "Kaka, wewe ni wa Misungwi, kwa wakulima. Mtu anapiga jembe mara mia, anakwaruza vumbi. Mwingine anapiga arobaini, tuta linasimama. Nani kalima?"

"Wa mia! Ana bidii!"

"Gigahezi, hivi umewahi kulima kweli?" Redio akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Wilhelmina, katibu wa parokia, alikuwa amesimama na flashi mkononi. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha jubilei, kurasa mia mbili, picha tele. "Siasa basi. Atakayekifungua kwanza, kazi ya kukichapa ni yake."

Nkwabi akakimbilia dukani kuchukua laptop. Kazi kama hiyo hajaiona mwaka mzima. Laptop mbili zikawekwa kwenye benchi, kitabu kikanakiliwa kwa kila moja, wakabofya pamoja.

Feni ya Nkwabi ikavuma kama mtumbwi wa injini unaong'oa nanga mwaloni Kirumba. "Mnaisikia hiyo?"

"Tunaisikia," Redio akajibu. "Inakwenda Ukerewe."

Ya Teodora ilikaa kimya. Alikuwa keshafika ukurasa wa arobaini, anasahihisha jina la askofu. Kwa Nkwabi, kiduara kilizunguka, kikazunguka tena.

"Hongera, Teodora," akasema Wilhelmina. Kisha akamgeukia Nkwabi, kwa upole. "Kaka, ina maana hukujua kuwa ni nzito?"

Nkwabi akatazama kiduara chake, halafu akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nijue mara ngapi? Miaka miwili mnadhani napenda kahawa. Huwa nakuja kusubiri laptop ifunguke."