Marufuku Kusameheana Barabarani

Kuanzia Jumapili, ilitangazwa katika mji wa Ibra, Omani, kwa vipaza sauti, ni marufuku madereva kusameheana.

Aliyeamua hivyo ni Bwana Marzouq, mkuu wa Kurugenzi ya Kuwafahamisha Madereva Bima Zao, na uamuzi ulikuwa na hekima tele. Sheria inamtaka kila mwenye gari akate bima, na watu walikata. Tatizo hawaitumii! Mtu akigongwa anateremka, wanasalimiana, wanaulizana khabari za wazee, kumbe shangazi zao wamesoma pamoja Unguja. Khalas, "Nimekusamehe, ndugu yangu," chupa ya kahawa inatolewa kwenye buti, na tende juu yake, kila mtu anakwenda zake na bati lake lililobonyea. Marzouq aliumia roho. Bima gani hiyo, inakaa bure kama mgeni?

Akatunga kifungu cha nne: msamehevu na msamehewa, wote wawili wapelekwe semina. Mwezi ukimalizika bila ya msamaha hata mmoja, makao makuu yamemuahidi cheo Maskati. Mkewe keshachagua na mapazia.

Siku ya mwisho ya mwezi, Bi Dalal wa makao makuu akaja kusikiliza somo la bima wanalopewa madereva. Marzouq alisimama ukumbini, ananukia udi.

"Bima ndogo inatengeneza gari ya uliyemgonga. Na yako wewe je?"

"Utajijua mwenyewe!" ukumbi ukaitikia.

"Na msamaha?"

"Marufuku!"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Bi Kuruthum, bibi wa Kiunguja mwenye gari nyekundu, ambaye tangu azaliwe hajajua kunong'ona.

Marzouq akatoka kifua mbele, akaingia ndani ya gari yake, akapiga rivasi huku anawapungia watu mkono. Pwaa! Taa ya gari nyekundu ikamwagika chini.

Akiandikwa kuwa ndiye mwenye kosa, Maskati basi tena; nani atampandisha cheo mkurugenzi wa bima anayerudi nyuma bila ya kutazama? Akamkimbilia mwenye gari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Loo, umenivunjia taa!"

"Nisamehe, Bibi," akanong'ona. "Lakini kimyakimya, tafadhali."

Bi Kuruthum akamtazama, masikini, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kanzu. Huruma ikamshika. Akafungua buti, akatoa chupa ya kahawa.

"NIMEKUSAMEHE!" Sauti ilifika sokoni. "NIMEKUSAMEHE DUNIANI NA AKHERA!"

"Taratibu, Bibi, wallahi..."

"NA MAMA YAKO NIMEMSAMEHE!"

Watu wakashangilia. Waliokaa mwezi mzima na vinyongo vyao wakakumbatiana palepale, maegesho yote yakanukia kahawa. Bi Dalal alimaliza kikombe chake, akakitikisa kuonyesha ametosheka.

"Kifungu cha nne, Bwana Marzouq," akasema kwa upole. "Kimeandikwa vizuri sana. Nani alikitunga?"

"Mimi," Marzouq akajibu, na kwa nusu dakika alijisikia fahari.

Jumapili iliyofuata semina ilifurika. Kwa kuwa Bi Kuruthum naye ilikuwa lazima ahudhurie, na sauti yake inafika nyuma, Bi Dalal alimfanya mwalimu. Akawamiminia wote kahawa kwanza, ndipo akaanza somo.

"HAYA, WANANGU. MWENYE KOSA ANYOOSHE MKONO."

Bwana Marzouq, kiti cha mbele, akaweka kikombe chini, akanyoosha.