Kibao cha SUMU

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Nimerudi Litembo na gunia la mashudu ya alizeti kutoka kwa Victor, mwenye mashine ya kukamua mafuta Mbinga mjini. Mbolea ya dukani bei haishikiki. Mashudu unafukia kwenye mashina, yanaoza, kahawa inanenepa. Shida ni nguruwe jike wa jirani yangu Leopold. Ameshanusa! Lakini akili ninayo. Nimesimika kibao chekundu: SUMU. Nimewatangazia wote kwamba ni mashudu ya nyonyo, yanaua hata ng'ombe. Mke wangu Kunigunda ameuliza kwa nini nadanganya. Hajui mikakati huyu.

Jumatano, 4 Desemba
Nguruwe hajui kusoma. Amefukua mashina sita, amekula, na sasa amelala uani kwao, anahema, tumbo limevimba. Leopold amekuja na panga. Amesema taratibu kabisa kwamba nguruwe akifa, na mimi nijiandae. Ule utaratibu wake ndio ulionitisha. Nimejifungia chooni mpaka alipoondoka.

Jumamosi, 7 Desemba
Jumuiya imesali nyumbani kwa Mama Notburga, mwenyekiti wetu. Rozari imeisha tu, Leopold akanishtaki. Macho yote kwangu. Nikakiri: si nyonyo, ni alizeti, nilikuwa nawatisha tu. Hakuna aliyeamini! Mama Notburga akasema, "Basi tafuna, mwanangu, tukuone."

Gunia likaletwa. Nimetafuna kiganja kizima, nikaramba na vidole. Wamepiga makofi. Nimerudi kwa maringo. Njiani, simu ya Victor. Anaomba radhi: siku ile alikamua na nyonyo, gunia moja la mashudu yake halionekani, huenda nimebeba mimi. Nisithubutu kumpa mfugo.

Mfugo!

Jumapili, 8 Desemba
Bado hai. Ulimi mzito. Naogopa, naogopa sana. Hospitali ipo hapo juu tu, lakini nikiulizwa nimekula nini, nijibu nini? Nimemrithisha Kunigunda redio. Amesema redio ni yake tangu zamani, na niende hospitali. Sijaenda. Nachungulia uani kwa Leopold kila dakika. Nguruwe alikula kabla yangu. Akikata roho, zamu yangu inafuata. Sijawahi kumwombea mtu kama ninavyomwombea nguruwe yule.

Jumatatu, 9 Desemba
Amezaa! Watoto kumi na mmoja! Kumbe ilikuwa mimba. Leopold alihesabu vibaya, alitegemea azae Krismasi. Na Victor amepiga simu: gunia la nyonyo lilikuwa nyuma ya mashine yake muda wote. Nimelia. Nimemkumbatia nguruwe. Uongo basi, nimeapa.

Jumamosi, 28 Desemba
Victor hakupata wa kulichukua lile gunia la nyonyo, kanipa bure. Mbolea kali, na safari hii nasema kweli tupu. Nimerudisha kibao: SUMU. Leopold amekisoma, amecheka mpaka akashika mti. Nimemwapia kwa watakatifu wote. Akasema, "Tafuna tukuone, ndugu yangu." Kisha akaenda kufungua banda.

Nimekalia gunia tangu asubuhi. Nguruwe yuko mbele yangu, wanawe kumi na mmoja nyuma yake, wote wananitazama. Jasho linanitoka. Siwezi kushuka, hata haja siwezi kwenda. Kunigunda anashauri nikamwombe Leopold msamaha, tulifukie gunia pamoja.

Hajui mikakati. Kesho nabadilisha kibao. Naandika: UMEME.